Mwezi Mtupu Ndio Unaokula Faida ya Mwenye Nyumba

Mtu anapopata nyumba yake ya kwanza ya kupangisha, huanza na swali moja: nitoze kodi kiasi gani? Huzunguka akiulizia majirani wanatoza ngapi, huongeza kidogo kwa sababu vigae vyake ni vipya, kisha husubiri wateja. Nimeongea na wenye nyumba wengi wadogo, wa chumba kimoja, wa nyumba mbili, wa jengo la vyumba sita, na karibu wote walianzia hapo. Nami nilianzia hapo. Swali lenye uzito zaidi huwa haliulizwi: katika miezi 60 ijayo, nitalipwa miezi mingapi?

Tufanye hesabu. Chukua kodi ya 100 kwa mwezi, kwa sarafu yoyote unayoitumia. Kwa mwaka ni 1,200. Nyumba ikikaa tupu mwezi mmoja tu, zaidi ya asilimia 8 ya mapato ya mwaka imekwenda. Sasa mwenye nyumba anaamua kupandisha kodi kwa asilimia 5, ifike 105. Mpangaji anaona haiwezekani, anahama. Nyumba inakaa mwezi mzima bila mtu. Rangi, kitasa kipya, bomba la jikoni na ujira wa dalali vinameza kodi ya mwezi mwingine. Zimepotea 200 kwa ajili ya nyongeza ya 5 kila mwezi. Itachukua miezi 40, yaani miaka mitatu na miezi minne, kurudi pale ulipokuwa siku ulipoandika barua ya kupandisha kodi. Na hapo tumechukulia kwamba mpangaji mpya atakaa muda wote huo na atalipa bila kuchelewa hata mara moja.

Hesabu hiyo niliijua kwa kuumia. Nilikuwa na mpangaji aliyekaa miaka sita. Kodi yake ilifika kati ya tarehe 1 na 5. Bomba likianza kuvuja alinipigia simu kabla kabati halijaloa. Uwanja aliufagia bila kuombwa. Nikasikia kwamba nyumba ya jirani imepangishwa kwa kodi ya juu, nikampandishia hadi kiwango hicho hicho kwa mkupuo mmoja. Hakubishana nami. Mwezi uliofuata alinikabidhi funguo. Baada yake walikuja watatu ndani ya miaka miwili, na kila aliyeondoka aliniachia kitu cha kutengeneza. Tangu wakati huo nimeamini kwamba kwa mwenye nyumba mdogo, mpangaji mzuri anayekaa ndiye mtaji wenyewe, na karibu kila uamuzi, kuanzia kununua hadi kudai amana (pesa ya dhamana anayoiweka mpangaji anapoingia), unapaswa kupimwa kwa kipimo hicho: je, unamfanya akae au aondoke?

Mwenye majengo makubwa anaweza kuvumilia vyumba vitano vitupu kati ya mia. Wewe mwenye nyumba moja, ikiwa tupu, umefungiwa duka lote.

Tuanzie kwenye kununua, maana kosa la hapo halirekebishiki kwa urahisi. Wauzaji hupenda kutaja mapato ghafi. Nyumba ya 15,000 inayoingiza 1,200 kwa mwaka inaonekana kuzaa asilimia 8. Toa mwezi mmoja mtupu, 100. Toa matengenezo, tuseme 150. Bima na ushuru wa jengo, 60. Kumlipa anayetafuta wapangaji na kusimamia, 100. Inabaki 790, na asilimia 8 imeshuka hadi kama 5.3, kabla kodi ya mapato haijachukua fungu lake. Asilimia 5 si haba kwa mtu aliyenunua kwa akiba yake. Aliyenunua kwa mkopo yuko mahali pengine kabisa.

Tuseme amekopa 10,000 kwa riba ya asilimia 12, alipe kwa miaka 15. Rejesho la kila mwezi ni 120, wakati kodi ni 100. Katika rejesho la kwanza, 100 ni riba tupu, na 20 tu ndizo zinazopunguza deni. Kodi yote ya mwezi huo imekwenda kwa mkopeshaji, nawe umeongeza 20 kutoka mfukoni hata kabla ya fundi kugonga mlango. Mwaka ukiisha utakuwa umelipa 1,440 na deni limepungua kwa takriban 254. Na kama riba ya mkopo huo hubadilika, ikipanda hadi asilimia 14 tangu mwanzo wa hesabu hiyo, rejesho linafika 133. Kabla ya kutia saini mkopo wowote, fanya hesabu hiyo ya pili. Ukiona nyumba haiwezi kujibeba riba ikipanda pointi mbili na mwezi mmoja ukiwa mtupu, bei hiyo haikufai, hata kama nyumba ni nzuri.

Wengi hujitetea kwamba bei ya nyumba itapanda, kwa hiyo hasara ya kila mwezi itafidiwa siku ya kuuza. Inaweza kutokea. Lakini Marekani bei za nyumba zilianza kushuka baada ya mwaka 2006, na kufikia mwaka 2012 zilikuwa zimeanguka kwa zaidi ya robo zikipimwa kitaifa. Mwenye nyumba ambaye kodi ilitosha kulipa rejesho aliweza kusubiri. Aliyekuwa akiongezea kutoka kwenye mshahara, mshahara ulipokatika, alilazimika kuuza wakati mbaya kuliko wote. Nunua kwa sababu kodi inajitosheleza. Bei ikipanda, ichukue kama nyongeza.

Kosa linalofuata hufanyika taratibu: kuila kodi yote kana kwamba ni mshahara. Kuna kanuni ya kukadiria inayotumiwa sana, kwamba kila mwaka utenge asilimia 1 ya thamani ya nyumba kwa matengenezo. Inasaidia mtu asiyejua aanzie wapi, ingawa ina kasoro mbili. Sehemu ya thamani hiyo ni ardhi, na ardhi haichakai. Tena nyumba ya zamani hula zaidi ya asilimia hiyo wakati mpya hula kidogo, kwa hiyo anayehitaji akiba zaidi ndiye anayedanganywa na kanuni. Mimi hufanya kwa njia nyingine: natembea ndani ya nyumba na daftari, naandika kila kitu kitakachokufa siku moja. Paa, hita ya maji, pampu, rangi, milango ya nje, nyaya. Mbele ya kila kimoja naandika gharama ya kukibadilisha na miaka iliyobaki, kisha nagawanya. Hita ya 120 iliyobakiza miaka mitano inadai 2 kila mwezi. Jumla ya orodha hiyo ndiyo pesa isiyo yangu, nayo inakaa kwenye akaunti tofauti na ya nyumbani. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na sijui shughuli nyingine ambayo maneno hayo yanaihusu zaidi kuliko nyumba za kupangisha.

Akiba hiyo ndiyo inayokuwezesha kutengeneza mapema, na kutengeneza mapema ndiko kunakomfanya mpangaji akae. Bomba linalodondosha tone moja kila sekunde hutoa matone 86,400 kwa siku. Kwa makadirio ya matone manne kwa mililita moja, hizo ni zaidi ya lita 20 kila siku. Zikienda kwenye sinki ni bili ya maji. Zikienda nyuma ya ukuta ni plasta inayobambuka, ukungu, mbao zilizooza na mpangaji ambaye mtoto wake anakohoa usiku. Fundi bomba wa nusu saa angemaliza jambo hilo. Nimeona wenye nyumba wakijivunia kwamba wapangaji wao hawasumbui. Mara nyingi mpangaji huyo amechoka kuomba na sasa anatafuta pa kuhamia.

Kwa hiyo mpe mpangaji namna moja inayoeleweka ya kuripoti tatizo, mjibu siku hiyo hiyo hata kama fundi atakuja kesho kutwa, na umwambie tarehe. Ukimya humkera mtu kuliko bomba lenyewe. Mambo yanayohusu uhai hayangoji foleni: soketi inayotoa cheche, harufu ya gesi, mlango usiofungika. Nchini Uingereza vifaa vya gesi vya mwenye nyumba lazima vikaguliwe kila baada ya miezi 12, na sababu ni nzito, kwa kuwa kifaa kibovu kinaweza kutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu na huua watu wakiwa usingizini. Kama sheria ya kwako haikulazimishi, jilazimishe.

Bima niiguse kwa kifupi. Bima ya nyumba unayoishi mwenyewe mara nyingi haihesabu nyumba uliyoipangisha, na bima nyingi hupunguza au huondoa ulinzi nyumba ikikaa tupu zaidi ya siku 30 au 60. Iambie kampuni ya bima ukweli kwa maandishi, na usome sehemu inayohusu nyumba tupu.

Sasa tuje kwa mpangaji. Hofu ya mwezi mtupu isikusukume kumchukua wa kwanza kugonga mlango, kwa sababu asiyelipa ni mwezi mtupu wenye mtu ndani. Mambo ya kutazama ni machache: ana kipato cha kudumu, kodi inachukua kiasi gani cha kipato hicho, na alikoishi aliishije. Kipimo kilichozoeleka ni kodi isizidi theluthi ya kipato. Nakitumia, lakini nauliza pia kuhusu madeni mengine, kwa sababu mwenye kipato cha wastani asiye na deni hulipa vizuri kuliko mwenye kipato kikubwa kilichokwisha kugawanywa kabla hakijafika. Kuhusu alikoishi, usiishie kwa mwenye nyumba wa sasa. Huyo akitaka kumwondoa msumbufu anaweza kumsifia mpaka ukashangaa. Mtafute wa kabla yake, ambaye hana cha kupata wala kupoteza, na umuulize swali moja: ungempangisha tena? Sikiliza anachukua muda gani kabla ya kujibu.

Maswali yawe yale yale kwa kila mwombaji, na uandike majibu. Hilo ni la haki, na katika nchi nyingi ni la sheria. Sheria ya Marekani ya mwaka 1968 kuhusu makazi ilianza kwa kukataza ubaguzi wa rangi, dini na asili ya taifa. Jinsia ikaongezwa mwaka 1974, na ulemavu pamoja na familia zenye watoto mwaka 1988. Hiyo ya watoto inanigusa zaidi. Kuna wenye nyumba wanaowakataa wenye watoto kwa kuhofia kuta kuchorwa. Wanasahau kwamba familia yenye watoto walioanza shule jirani haihami ovyo. Ukuta uliochorwa hufutwa kwa kopo moja la rangi, wakati miaka minane ya kodi isiyokatika huwezi kuinunua popote.

Siku ya kukabidhi nyumba ndiyo siku ya kuzuia ugomvi wa siku ya kuondoka. Pitieni chumba kwa chumba mkiwa wawili. Andikeni hali ya kila kitu: vitasa, vioo, swichi, sinki, sakafu. Pigeni picha zenye tarehe, soma mita za maji na umeme mbele yake, hesabuni funguo, mtie saini nyote, kila mmoja abaki na nakala. Saa moja inatosha. Mkataba nao uwe kwa lugha anayoielewa mpangaji, useme nani analipa nini, notisi ni ya muda gani, kodi inaweza kubadilika lini, na nani anatengeneza nini. Mkataba wa mdomo ni mzuri mpaka siku mnapoanza kuukumbuka tofauti.

Amana inastahili maneno zaidi, kwa sababu ndipo heshima ya wenye nyumba inapochafuka. Amana ni mali ya mpangaji uliyoshikilia. Nchini Ujerumani sheria inaweka kikomo cha kodi ya miezi mitatu bila gharama za huduma, inamruhusu mpangaji kuilipa kwa awamu tatu, na inamtaka mwenye nyumba aitenge na mali yake mwenyewe. Uingereza, tangu Aprili 2007, amana za mikataba ya kawaida ya makazi lazima ziwekwe kwenye mpango ulioidhinishwa, na asiyefanya hivyo anaweza kuamriwa amlipe mpangaji kati ya mara moja na mara tatu ya amana hiyo. Nchi zilifika huko kwa sababu wenye nyumba wengi walikuwa wamekwisha kuitumia pesa hiyo siku ya kuirudisha ilipofika, kisha wakatafuta doa ukutani la kuhalalisha kutoirudisha.

Uchakavu wa kawaida si uharibifu. Rangi inayopauka, zulia lililobonyea mlangoni kwa kukanyagwa, kitasa kilicholegea kwa kutumika, hayo umelipwa ndani ya kodi. Na hata palipo na uharibifu wa kweli, hesabu umri wa kitu. Kama rangi hudumu miaka mitano na mpangaji amekaa miaka minne, ukuta aliouharibu ulikuwa umebakiza moja ya tano ya maisha yake, na hicho ndicho kiasi unachoweza kumdai kwa haki. Ukimdai rangi yote, unamtaka akulipie rangi ambayo ungelazimika kuinunua mwakani.

Kuhusu kupandisha kodi, sisemi isipande. Gharama zinapanda, na mwenye nyumba asiyepandisha kwa miaka saba hujikuta ameachwa mbali, halafu hupandisha kwa ghafla, na ghafla hiyo ndiyo inayofukuza watu. Kilichonifaa ni nyongeza ndogo, wakati ule ule kila mwaka, iliyotajwa kwenye mkataba tangu mwanzo, na yenye taarifa ya miezi miwili au mitatu. Kwa mpangaji mzuri naiacha chini kidogo ya soko, na ninamwambia hivyo waziwazi. Tofauti hiyo ndogo ndiyo sababu yake ya kutotafuta kwingine, na kwangu ni nafuu kuliko mwezi mtupu.

Malimbikizo ya kodi yanataka wepesi. Siku ya tatu baada ya tarehe ya malipo, piga simu kwa upole na uulize kuna nini. Wengi hungoja mwezi wa tatu kwa aibu, na wakati huo deni limeshakuwa kubwa kiasi kwamba mpangaji anaona heri ahame usiku kuliko kulipa. Deni la mwezi mmoja linaweza kugawanywa juu ya miezi minne ijayo kwa maandishi, na aliyekulipa vizuri miaka miwili kisha akapata msiba anastahili nafasi hiyo. Asiyeeleza, asiyepokea simu, asiyetimiza hata awamu ya kwanza, huyo mpe notisi kwa utaratibu wa sheria mapema. Kamwe usibadilishe kitasa akiwa hayupo, wala usikate maji au umeme. Katika nchi nyingi hilo ni kosa la kisheria, na mbele ya mahakama litakugeuza kutoka mdai kuwa mdaiwa. Zaidi ya hapo, kuna watu ndani.

Jambo ambalo sijaona likizungumzwa vya kutosha ni dalali. Anayelipwa kodi ya mwezi mmoja kila anapoleta mpangaji mpya hupata zaidi wapangaji wanapobadilika mara kwa mara. Sisemi madalali ni wabaya, nimefanya kazi na waaminifu sana. Nasema malipo yao yanavuta upande mmoja na faida yako upande mwingine. Yapange upya: mpe nusu ya ujira mpangaji anapoingia na nusu akimaliza miezi sita, au kubalianeni kwamba mpangaji akiondoka ndani ya nusu mwaka, dalali atatafuta mwingine bila malipo. Utaona anavyoanza kuuliza maswali kabla ya kukuletea mtu.

Hata mpangaji bora ataondoka siku moja. Notisi yake ikifika, usinune. Mshukuru, mwombe ruhusa ya kuonyesha nyumba akiwa bado anaishi humo, mara moja au mbili kwa wiki kwa saa anayoichagua yeye, na umuahidi kwamba amana yake itarudi siku mnapokagua, si baada ya wiki nane. Agiza rangi na fundi kabla hajatoka. Muulize pia kama kuna ndugu au mfanyakazi mwenzake anayetafuta nyumba. Aliyetendewa vizuri hapo hujibu kwa moyo. Mara ya mwisho nilipofanya hivyo, nyumba ilikaa tupu siku tisa, na tano kati ya hizo zilikuwa za kupaka rangi.